Nilizima Kelele za R, Akiba ya Shosho Ikapotea

Wasee, ile video yangu ya kunyamazisha R, ile mliisambaza sana, kuna kitu sikuwaambia.

Kwa wageni: R ni programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. Ni ya bure, ndiyo maana bado ninayo hata baada ya karo kunishinda nikaacha chuo mwaka wa pili. Shida yake ni mdomo. Ukifungua kifurushi inakusalimia, ukiita fanksheni inakuelezea iko wapi, skrini inajaa mpaka jibu lako hulioni.

Sasa, chama cha kina mama wa majani chai hapa kwetu Kangema kiliniomba nijumlishe akiba ya mwaka. Mkopo wao ni mara tatu ya akiba, so hapo hakuna mchezo. Nikaandika mistari yangu, R ikamaliza ikisema kuna maonyo 19, niite warnings() niyaone. Sikuyaona. Nilifunga kila kitu ndani ya suppressWarnings(), skrini ikawa safi, nikapiga picha nikaposti. Nilijiona mkali sana.

Siku ya mkutano nikasoma majina. Shosho mmoja akiba yake ikatoka 1,600.

Hakupiga kelele. Alitoa kitabu chake kwenye kiondo, kimefungwa na karatasi ya nailoni, akanipa. "Mjukuu wangu, hebu nisomee hapa." Miezi kumi ya 1,500, miwili ya 800. Jumla 16,600. Alikuwa anataka mkopo wa karo ya Form One, na mimi nilikuwa nimemfikisha 4,800 badala ya 49,800. Mama yangu alikuwa amekaa nyuma yake. Aki sijawahi kuona sakafu ikiwa tamu kuangalia hivyo.

Kosa lilikuwa koma. Mweka hazina aliandika 1,500, na as.numeric() haielewi koma, inaweka NA, yaani hakuna kitu, halafu inaonya. Mimi nilizima onyo, na nikaweka na.rm = TRUE kwenye jumla, kwa hivyo NA zikarukwa kimyakimya. Waliolipa zaidi ndio walipotea zaidi. Dawa ni gsub(",", "", x) kabla ya kugeuza, basi.

Salamu za vifurushi bado nazizima kwa suppressPackageStartupMessages(). Jibu nisilotaka lichapishwe nalipa jina tu, ama natumia invisible(). Fanksheni ikichapisha yenyewe, capture.output() inameza. Lakini suppressWarnings() siku hizi naiweka kwa mstari mmoja tu, ambao onyo lake nimeshalisoma.

Shosho alipata mkopo wake. Video ya zamani sijaitoa, ndiyo inatazamwa kuliko zote. Nipeni hii wikendi nirekodi ingine, stima zikikubali.