Picha Moja ya Dirisha Yasimamisha Mkopo wa Nyumba

Wabongo wawili, mtu na mkewe, walipata nyumba Columbus, Marekani. Mkopo ni wa FHA: benki inakopesha, serikali inauwekea bima, kianzio asilimia 3.5 tu. Mthamini akaja na kamera. Mbele, nyuma, mtaani, jikoni, vyooni, vyumbani, mpaka darini akachungulia. Jamaa akawa anacheka, eti huyu kaja kupiga picha za harusi!

Kumbe picha ya dirisha imeonyesha rangi inabanduka, na nyumba ni ya kabla ya 1978. Rangi za enzi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, sumu kwa watoto. Mkopo umesimama mpaka irekebishwe, na muuzaji hataki kutoa hata senti.

Jamaa anataka kwenda kuikwangua mwenyewe. Mkewe kagoma katakata: mwanao anatambaa, kila akiokotacho mdomoni.