Mbaazi za Saa Nne Mjini Mombasa

Karani mmoja aliyeondoka Mombasa akiwa kijana, akaenda kutafuta kazi Nairobi, alirudi huko kwa ziara ya siku tatu. Nyumba waliyopanga wazazi wake ilikwisha kukaliwa na watu wengine, basi akafikia katika nyumba ya wageni kama msafiri yeyote. Zamani aliondoka kwa gari la moshi lililokwenda usiku kucha. Safari hii alikuja kwa reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, akafika Miritini kwa muda wa saa tano hivi.

Alikuwa na deni. Si la fedha lililoandikwa. Baba yake alipokosa kazi, palikuwa na jirani, mama mjane, aliyekaanga mahamri mlangoni pake kila alfajiri. Mama huyo alimwita mtoto akienda shule, akampa mahamri mawili na kibakuli cha mbaazi, wala asimdai. Hayo yaliendelea muda wa mwaka mzima.

Basi Jumapili, yapata saa nne, karani alimchukua mama yule, ambaye sasa ni mtu mzima sana, wakaenda katika mkahawa unaosifiwa na vijana katika Mji wa Kale. Si mbali na Ngome ya Yesu, waliyoijenga Wareno tangu mwaka 1593, na iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Si haki kuulaumu mkahawa ule, kwa maana uliitengeneza nyumba ya kale iliyokuwa ikibomoka, na mlango wake wa nakshi ukapona.

Chakula cha saa hiyo huitwa branchi. Jina hilo lilipigiwa debe na Mwingereza mmoja, Guy Beringer, mwaka 1895, kwa ajili ya watu wachelewao kuamka siku ya Jumapili. Watu wa Pwani, wenye chai yao ya saa nne, hawakungoja kuambiwa.

Mtumishi kijana aliwakaribisha kwa adabu, akamweleza mama mbaazi ni kitu gani na jinsi zinavyopikwa kwa nazi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. “Ahsante, mwanangu,” akasema.

Alionja mara moja, akaweka kijiko chini. Tui lilikuwa la unga wa kopo. Mbaazi zapasa kulowekwa usiku na kuchemshwa mpaka ziive. Nazi hukunwa juu ya mbuzi, ikakamuliwa katika kifumbu, na tui la kwanza, lililo zito, likawekwa kando. Mbaazi hupikwa kwa tui jepesi. Lile zito hutiwa mwishoni, nalo hukorogwa pasipo kuachwa, lisije likakatika. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na ndiyo sababu wengi wameiacha.

Mama aliomba kumwona mpishi. Akaja kijana mwenye aproni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hamri zako zimeumuka vyema, na iliki hukuifanyia uchoyo. Lakini nazi, huikuni?”

“La, mama. Hapana anayejua, na mwenye mkahawa ataka haraka.”

Hesabu ilipoletwa, karani alijaribu kuificha chini ya sahani, lakini mama alikwisha kuiona. Kwa bei ya sahani zile mbili angalinunua unga na mafuta ya kukaangia siku kadhaa. Hakuguna. Alimgeukia mpishi, akauliza mwenye mkahawa hupatikana siku gani. Kijana, kwa furaha, akamsihi aje awafundishe.

“Nitakuja,” mama akajibu. “Kwa mshahara gani?”

Karani aliona haya kidogo, kwani alidhani atafundisha kwa hisani, kama alivyomlisha yeye. Lakini mama alikuwa amesomesha watoto wake kwa karai lile la mafuta, akaliacha magoti yalipomshinda, na sasa mbaazi zake zilikuwa zikiuzwa kwa bei ambayo yeye hakupata kuitaja maishani.

Majuma mawili baadaye alimpigia karani simu Nairobi. Huenda mkahawani siku mbili kila juma, naye hulipwa jioni ile ile kabla hajatoka. Hasimami, huletewa kiti. Mkahawa umenunua mbuzi wawili.