Usiku Wetu Mlimani Nyang'oro

Wasomaji wapenzi wa gazeti letu, wengi wenu mmekwisha kuandika humu habari za safari zenu za likizo, na karibu zote zilikuwa safari njema. Yangu haikuwa njema, na aliyeiharibu ni mimi mwenyewe. Nimeona afadhali niiandike kama ilivyokuwa, maana baadhi yenu mlikuwapo mwanzo wake, ingawa hamkujua.

Likizo ya mwezi wa Juni ilipokaribia, mama alimpigia simu mwalimu wa bweni akasema nisiende nyumbani kwanza, bali niende Iringa kumwamkia bibi, mama yake yeye. Bibi alikuwa ametoka hospitali, na alikuwa hajaniona kwa muda wa miaka miwili. Mjomba alikuwa apite Dodoma na gari lake siku ile ya kufunga shule, basi ningekwenda naye. Habari hii niliitangaza bweni zima. "Mjomba wangu atanipitia na gari lake," nikasema. Sikusema gari gani.

Gari lenyewe ni lori. Mjomba hana nyumba nyingine ya maana ila hilo. Nyuma ya viti kuna kitanda chenye chandarua. Chini ya kitanda kuna jiko dogo la mkaa, sufuria mbili, birika, kopo la sukari, na Biblia iliyofungwa kwa mpira ili kurasa zisitawanyike. Siku hiyo lilikuwa limepakia magunia ya mashudu ya alizeti ya wafugaji wa kuku huko Iringa. Ndani tulikuwa watu watatu: mjomba, mimi, na utingo, kijana anayenizidi mwaka mmoja au miwili, ambaye aliishia darasa la saba. Nilipopanda, yeye aliniachia kiti cha dirishani, akaenda kukaa kitandani. Nami nilikaa bila hata kumwambia ahsante, kana kwamba ni haki yangu.

Tuliondoka Dodoma saa tano asubuhi. Kutoka hapo mpaka Iringa ni yapata kilomita 260. Mjomba alitusimulia kwamba alipoanza kazi, naye akiwa utingo, njia hii ilikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na tope tupu wakati wa masika, hata gari likikwama watu walilala njiani siku mbili tatu. Barabara ya lami ilizinduliwa mwaka 2018. Tuliteremka milima ya Fufu polepole, joto likazidi, na mibuyu ikawa mingi kuliko miti mingine. Saa nane mchana tukafika Mtera.

Hapo mjomba alisimamisha gari tule. Akampa utingo fedha akanunue perege kwa ajili ya bibi, kwa kuwa bibi hupenda sana samaki wa Mtera. Kisha akaniambia, "Mpwa wangu, mpira wa chini wa rejeta unavuja kidogo. Angalia maji yamefika wapi, uongeze, halafu ujaze na lile dumu. Bomba liko nyuma ya hoteli ile."

Nikalichukua dumu, la lita 20, jeusi kwa grisi. Sikwenda hata hatua kumi, mara basi likasimama mbele yangu, wakaanza kushuka wanafunzi. Nikaziona sare za shule yetu, na pamoja nao wasichana wa shule ya jirani. Wasomaji, mtanicheka, lakini hofu iliyonipata haikuwa ndogo. Mimi wa kidato cha nne, niliyejisifu kuwa nimefuatwa na gari, nionekane na dumu la grisi mkononi kama utingo! Nikalisukuma dumu nyuma ya gurudumu, nikapangusa mikono, nikaenda kusimama kando ya ziwa kama mtu aliyekuja kutazama maji.

Na maji yalikuwapo ya kutazamwa. Bwawa la Mtera huzuia maji ya Mto Ruaha Mkuu. Yakishazungusha mitambo ya umeme hapo, huteremka na mto mpaka Kidatu, yakazungusha mitambo mingine. Niliyatazama hata basi likaondoka. Niliporudi, mjomba alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani. Nikalirusha dumu mahali pake.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, mjomba."

Hivyo ndivyo nilivyoondoka kando ya maji yote yale na dumu tupu.

Tukapita Migoli, tukapita Izazi, na baadaye tukaanza kupanda mlima Nyang'oro. Ziwa la Mtera likijaa huwa mita 698 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Iringa uko yapata mita 1,500, basi mnaweza kupiga hesabu wenyewe lori lenye mzigo linapanda kiasi gani. Tulipofika kwenye kona ya tatu au ya nne, mjomba aliacha kuongea. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto. Mara akaegesha gari pembeni, akazima injini, akasema, "Mawe! Upesi!"

Utingo aliruka kabla gari halijatulia, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha akakata matawi, akayapanga barabarani chini yetu na juu yetu, na kibao cha pembetatu akakisimamisha mbali kidogo. Mimi nilishuka nikasimama tu. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya kabini kwa mlio kama wa birika kubwa. Klipu ya ule mpira wa chini ilikuwa imelegea, na maji yalikuwa yakidondoka njia nzima. Kama mtu angeyaangalia pale Mtera, angeona yamepungua, na klipu ingekazwa kwa bisibisi kwa dakika mbili.

"Lete dumu," mjomba akasema. Utingo akalishika, na mkono wake ukapanda juu kwa wepesi, maana alidhani ni zito. Tukabaki tunatazamana sote watatu.

Mjomba akanigeukia. "Hukulijaza?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli, na kweli ilikuwa neno moja tu. Nami nikasema, "Nililijaza, mjomba."

"Basi maji yamekwenda wapi?" Akalitazama kapu la samaki, ambalo lilikuwa bado linatiririka maji, akamgeukia utingo. "Umeoshea samaki! Maji ya gari umeoshea samaki!"

"Samaki niliwaosha ziwani, mzee," utingo akajibu.

"Usinidanganye. Tukifika Iringa, chukua nguo zako ushuke. Kijana asiyejua thamani ya maji mlimani hawezi kazi hii."

Utingo alinitazama mara moja, si kwa hasira. Kisha akalitwika dumu begani akaanza kuteremka. Mjomba akaniambia nami nifuate, tukapokezane.

Tulitembea karibu saa nzima bila kuongea. Hatimaye tukaona nyumba mbili chini ya mlima, na mama mmoja anapepeta mahindi uani. Tukamwamkia, utingo akaeleza shida yetu. Yule mama akatuonyesha pipa lake. Maji yale, akasema, yaliletwa na punda asubuhi, na yaliyobaki ndiyo ya kupikia mpaka kesho. Hata hivyo alitupimia nusu ya dumu, akamwita jirani yake, naye akaleta nusu iliyobaki. Utingo alitoa mfukoni mwake noti ya shilingi elfu mbili, fedha yake mwenyewe. Mama akaikataa. "Nanyi ni watoto wa watu," akasema.

Wakati wa kupanda, dumu lilikuwa zito kweli. Tulipokezana kila baada ya kona. Kwenye zamu yangu ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza, "Unajua kwamba sikulijaza?"

"Najua. Nililiona nyuma ya gurudumu nilipokuwa narudi na samaki."

"Mbona hukusema?"

Akacheka kidogo. "Ningesema nini? Wewe ni mpwa wake, tena umesoma. Mimi ni utingo. Nani angeaminiwa?"

Akalichukua dumu kichwani pangu, ingawa kona ilikuwa haijafika, akatangulia.

Wasomaji, nimepata adhabu shuleni, nanyi mnazijua baadhi yake. Hakuna iliyoniuma kama maneno yale, kwa sababu hayakusemwa kuniumiza. Alikuwa ananieleza tu mambo yalivyo, kama mtu anavyokueleza njia.

Tulifika juu giza limeingia. Mjomba hakukubali kutia maji upesi, kwa sababu injini yenye moto ikimiminiwa maji ya baridi huweza kupasuka. Akasema tena kwamba kupanda mlima ule usiku na mzigo hataki, basi tungelala hapo hapo. Akapanda juu ya magunia kutafuta mtandao, akampigia bibi. Nilisikia akimwambia, "Hapana, mama, usingoje, kula tu." Kumbe bibi alikuwa amekwisha kuchinja kuku, na alikuwa amekaa mlangoni tangu alasiri, mtu aliyetoka hospitali, katika baridi ya Iringa ya mwezi wa Juni.

Samaki wasingefika asubuhi bila kuharibika, kwa hiyo utingo aliwasha jiko kando ya barabara akawachoma. Zawadi ya bibi tukaila sisi. Mimi vipande havikunipita kooni.

Mjomba akauliza, "Unaumwa?"

Nikasema, "Mjomba, dumu sikulijaza. Maji ya rejeta sikuyaangalia. Basi la shule lilifika, nikaona haya kuonekana nimelibeba. Huyu hana kosa lolote."

Alikaa kimya muda mrefu. Lori moja lilipita likipanda, taa zake zikatumulika, likapotea konani, na bado hakusema neno. Nilitamani anipige. Badala yake akaniambia, "Umeniambia mimi. Yeye je?"

Nikamgeukia utingo nikamwomba radhi. Akajibu, "Yamekwisha," akaendelea kugeuza samaki.

Lakini mjomba hakuridhika. Akavua kofia yake, mtu mzima yule mwenye mvi, akamwambia utingo, "Nami nimekukosea, mwanangu. Sikukuuliza, nilikuhukumu. Mimi nimefanya kazi yako miaka sita, na mara ngapi nilibebeshwa makosa ya wengine, nikaapa sitamfanyia mtu hivyo. Kazi yako ni yako." Utingo aliinamisha kichwa, na nadhani moshi ulimwingia machoni, kwa maana alijifuta.

Usiku ule utingo alilala kitandani ndani ya chandarua, mjomba akalala kwenye kiti chake, na mimi nikapewa blanketi na tochi nilinde magunia na yale matawi ya barabarani. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, nami niliipokea. Baridi ya Nyang'oro saa tisa usiku ni mwalimu mzuri. Kuna methali isemayo njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka Mtera ikakomea mlimani pale, nami nilikuwa na usiku mzima wa kuipima.

Kulipopambazuka mjomba alilala chini ya gari, akanifundisha kukaza klipu, tukatia maji lita zote 20, na lori likapanda taratibu bila tatizo. Saa tatu asubuhi tulikuwa kwa bibi. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Kamwene, bibi," naye akaitikia, akanishika kichwa kwa mikono iliyokuwa myepesi kuliko nilivyoikumbuka. Kuku alikuwa amepashwa moto mara mbili. Bibi akauliza, "Samaki wangu wako wapi?" Mjomba akanitazama. Basi nikasimulia tena, mara ya tatu, na safari hii mbele ya majirani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema paja la kuku apewe huyu mgeni aliyebeba maji, akimaanisha utingo. Mimi nikapata shingo.

Wanafunzi wenzangu, mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu, na wengi wetu tutatoka hapa tukiitwa wasomi. Nimeandika haya kwa sababu naona elimu yangu ilikaribia kumnyang'anya mtu riziki yake, si kwa nguvu zake, ila kwa sababu mimi nilisadikiwa upesi na mwenzangu hakusadikiwa. Tena wale waliokuwa ndani ya basi, ambao kwa ajili yao nililificha dumu, nimewauliza tuliporudi shuleni. Hakuna hata mmoja aliyeniona.

Wakati wa kurudi Dodoma tulisimama tena Mtera. Nikalichukua dumu kabla sijaagizwa, nikalijaza bombani, nikarudi nalo kichwani. Utingo akalitikisa, akalitazama.

"Kifuniko hujakikaza," akasema.

Nikakikaza.