Geji Iliyompa Dereva Kauli

Miaka ya tisini, pale Maili Moja, Kibaha, fundi wa dizeli alisifiwa kwa pampu. Tajiri analeta lori, analalamika halivuti, na fundi anafungua pampu imwage mafuta zaidi. Jioni lori linaondoka na tela lake, moshi mweusi umetanda nyuma, na watu wanasema mashine imekaa sawa. Moshi ulihesabiwa kuwa nguvu.

Kumbe moshi ule ni mafuta yaliyokosa hewa. Dizeli ukiizidishia mafuta bila hewa, joto la ekzosi linapanda, hasa mlimani, tela likiwa limejaa, dereva amekanyaga hadi mwisho na injini inazunguka polepole. Geji ya maji huchelewa kupata habari za silinda. Nimeshika pistoni iliyotolewa kwenye lori ambalo mshale wake wa maji ulikaa katikati safari nzima: ukingo wa juu umelika, aluminiamu imechuruzika hadi kwenye ringi na kuzigandisha. Dereva alikatwa mshahara.

Madereva wa zamani walikuwa na njia zao. Usiku walichungulia kama turbo imeiva nyekundu. Wakifika hawakuzima papo hapo. Waliacha injini ingurume dakika chache, maana oili iliyosimama kwenye turbo ya moto huungua ikawa masizi, na masizi hula beringi. Ilikuwa elimu ya kweli, ila haikumsaidia mtu aliye katikati ya mlima.

Geji ya joto la ekzosi niliifunga mara ya kwanza kwa dereva wa masafa marefu aliyeinunua kwa fedha yake. Kipimo chake ni nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata joto, umeme mdogo unazalishwa na mshale unasogea. Tuliitoa manifoldi kabisa ndipo tukaitoboa, kwa sababu chenga za chuma zikiingia kwenye turbo huvunja mapanga yake. Tundu tuliliweka kabla ya turbo, kwenye joto kali zaidi. Joto hilo likishapita turbo, huwa limeshuka hata kwa nyuzi 100 na zaidi.

Tuliijaribu kwenye mwinuko wa kutoka Pugu kwenda Kisarawe, tela limejaa matofali. Kwenye gia kubwa mshale ulipita nyuzi 600, ukaanza kuisogelea 700, mahali ambapo mafundi wengi hawapendi ukae. Dereva akashusha gia, akalegeza mguu. Injini ikazunguka haraka, hewa ikaongezeka, na ndani ya sekunde chache mshale ukarudi. Ule wa maji haukutikisika.

Tangu hapo, anayetaka pampu ifunguliwe namuuliza kwanza habari za hewa: chujio ni safi? Mabomba ya turbo hayavuji? Nayo mizani ya kupimia malori ya Vigwaza imesaidia. Tangu 2019 sheria ya Afrika Mashariki yenye ukomo wa tani 56 ilipoanza kutumika nchini, kuzidisha mzigo kumekuwa na gharama.

Lakini badiliko kubwa ni la dereva. Zamani akiulizwa kwa nini alipanda taratibu, alijibu tu kwamba gari lilikuwa zito, akaitwa mvivu. Sasa anataja nyuzi. Ndiyo maana geji hii naifunga mbele ya macho yake, na tajiri namwita aisome kabla lori halijatoka gereji.