Ramani ya Dadangu Haingoji Mtandao

Wakazi wengi wa mjini hudhani kwamba ramani wanayoiona katika simu hukaa humo humo ndani ya simu. La hasha! Kila unapoisogeza kwa kidole, simu huomba vipande vipya kutoka kwa tarakilishi iliyo mbali, na vipande hivyo hula bando lako. Mtandao ukipotea, aghalabu unabaki ukitazama ukurasa wa kijivu usio na njia wala mto.

Kwangu jambo hili si la mzaha. Dadangu mkubwa ni muuguzi katika zahanati moja huko Samburu. Siku za chanjo hupakia kasha la barafu nyuma ya bodaboda, akawafuata watoto wa wafugaji ambao manyatta zao huhama kutafuta malisho. Kilomita chache tu kutoka zahanati, mtandao huaga. Barafu nayo haimngoji mtu. Ikiyeyuka kabla hajafika, chanjo huharibika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri hurudi na watoto wao vivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba kujua ulipo hakuhitaji intaneti hata kidogo. Simu hupokea ishara za setilaiti za GPS bila malipo, uwe Nairobi au nyikani. Kinachokosekana ni picha ya kuiwekea ile nukta ya buluu. Ndipo mwanawe, mpwa wangu anayesomea tarakilishi chuoni na kulala sebuleni kwangu, alipotangaza kwamba atamhifadhia mamake ramani ya Kenya nzima.

"Mjomba, nipe bando tu," akasema.

Nilimtaka anieleze kwanza. Ramani za aina hiyo hukatwa vigae vya mraba, kwa kawaida nukta 256 kwa 256. Dunia nzima ikitazamwa kwa mbali ni kigae 1. Ukisogea hatua moja huwa 4, hatua ya pili 16. Kufikia hatua ya 18, ambapo nyumba moja moja huonekana, upande wa kigae huku kwetu ikweta ni kama mita 153. Tulipiga hesabu mezani: Kenya ni vigae karibu milioni 25! Hata kila kimoja kikiwa kilobaiti 10 tu, hizo ni gigabaiti 250. Sikumpa bando. Aliniita mkono wa birika, nami nikalikubali jina.

Isitoshe, si ungwana. OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea, hutoa data yake bure, lakini hukataza kuchota vigae kwa wingi kutoka kwa mitambo yake, ambayo huendeshwa kwa michango.

Tulitumia Organic Maps. Programu hiyo haihifadhi picha. Huhifadhi maelezo ya barabara na mito, kisha simu ikajichorea yenyewe. Kenya yote iliingia katika simu ya kawaida ya dadangu, na nafasi ya picha za harusi ikabaki.

Hata hivyo, alipoifungua, sehemu anazozizungukia zilikuwa karibu tupu. Hakuna programu iwezayo kuhifadhi kisichochorwa. Hata Kibera ilikuwa hivyo hadi mwaka wa 2009, vijana wa mtaa huo walipozunguka na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, wakatia ramanini vichochoro, maji na vyoo vyao.

Siku hizi dadangu hurekodi kila njia anayopita. Akifika penye mtandao humtumia mwanawe, naye huzichora usiku sebuleni mwangu, bando likiwa langu (kwa hili sinung'uniki). Visima vitatu na lugga moja tayari vimo. Manyatta dadangu hataki ziwekwe. Anasema zitakuwa zimehama kabla simu yake haijapata ramani mpya.