Zimwi Likujualo: Tukisubiri Kitabu cha Vitisho

Tarehe 18 Mei mwaka huu wa 2021 kitatoka kitabu ambacho nakisubiri, nakiri bila haya, kama mtoto asubirivyo mwezi wa Idi. Kinaitwa Van Richten's Guide to Ravenloft. Si diwani wala riwaya; ni mwongozo wa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1974.

Wapenzi wa lugha mnaousikia leo msishtuke. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake. Msimulizi hueleza: mmefika kwenye nyumba iliyofungwa kwa nje, na ndani kuna mtu analia. Wachezaji husema watakalofanya, na pale ambapo hakuna ajuaye matokeo, hurushwa dadu yenye nyuso ishirini. Aliyelelewa kwa paukwa na pakawa hapati taabu kuuelewa. Ni ngano ambayo wasikilizaji wake wameruhusiwa kumkatiza msimulizi na kuigeuza njia.

Sisi tuko watano, Dar es Salaam, Jumamosi usiku, na tunacheza kwa Kiswahili. Vitabu vyote ni vya Kiingereza, kwa hiyo kila kitu hutafsiriwa kabla ya kuchezwa, na kazi hiyo imeniangukia mimi kwa kuwa ndiye mwenye kutunga mashairi. Kwa miaka miwili haikunisumbua. Upanga ni upanga, joka ni joka. Lakini Ravenloft ni nchi ya hofu, iliyobuniwa na mume na mke, Tracy na Laura Hickman, katika kisa cha mwaka 1983 kuhusu mnyonya damu aitwaye Strahd na ngome yake. Na hofu, nimekuja kugundua, haitafsiriki kama upanga.

Kampuni yenye mchezo, Wizards of the Coast, ina desturi ya kutoa rasimu za majaribio, ziitwazo Unearthed Arcana, ili wachezaji wazijaribu kabla ya kuchapwa. Agosti mwaka jana walitoa njia mbili mpya za uhusika, na Januari mwaka huu wakatoa nasaba tatu. Mimi nabashiri kwamba zote tano zitakuwamo kitabuni, zimepunguzwa makali hapa na kunolewa pale. Nimewekeana dau la soda mbili na mwenzetu mmoja asiyekubali.

Mbili kati ya hizo nazipita haraka. Kuna nasaba ya dampiri, mtu aliyeguswa na unyonyaji damu, ambaye huuma na hutembea ukutani na darini kama mjusi-kafiri. Vijana wataipenda na hainipi shida yoyote ya lugha. Kuna pia mchawi aliyefunga mkataba na mfu asiyekufa, ambaye hujigeuza sura na kutisha waliomzunguka. Atakuwamo, sina shaka.

Linalonivuta ni lile la malenga. Mchezo huu tangu zamani una mtunzi-mwimbaji ambaye maneno yake ni nguvu, na siku ya kwanza kabisa sote tulimwita malenga bila kubishana. Rasimu ya Agosti inampa chuo kipya, chuo cha mizimu. Malenga huyu hukamata kitu mkononi, fuvu au mshumaa au jiwe la kioo, akawaita waliokufa, nao husema hadithi zao kupitia kinywa chake. Hachagui hadithi. Hurusha dadu, na dadu ndiyo huamua ni ipi imekuja. Malenga mchanga ana dadu ndogo, hivyo hadithi zilizo mwisho wa orodha hazimfikii. Akikua, dadu yake hukua naye, na sauti nzito zaidi huanza kumjia. Miongoni mwa zile za mwanzo imo hadithi ya mnyama mwerevu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, nikamwona sungura wetu amevuka bahari bila nauli.

Je, huyu tumwite malenga wa mizimu? Mzimu, kwangu, una mahali pake: pango, mbuyu, kaburi la mzee. Huendewa ulipo. Hawa wa rasimu huja wenyewe na kuingia, na afanyaye hivyo ni pepo. Watu wa pwani wana neno zuri kwa mtu ambaye pepo humpanda: humwita kiti. Pepo ndiye mgeni, mtu ni kiti chake. Nimependekeza kwa wenzangu tuseme malenga-kiti. Nalipenda kwa sababu linasema jambo ambalo kila mtunzi analijua ingawa halisemi hadharani, kwamba kuna beti ambazo hukuzitunga wewe. Ulikalishwa tu, zikapita. Rasimu ya Kiingereza haikuwa na neno hilo. Yetu inalo.

Nasaba ya pili kati ya tatu ni ya mtu aliyekufa akarudi, asiyekumbuka vizuri alikuwa nani. Kumbukumbu za maisha yake ya kwanza humjia vipande vipande, na kwa kanuni za rasimu huruhusiwa kurusha dadu ya nyuso sita na kujiongezea katika jambo analojaribu, kana kwamba mikono yake inakumbuka kazi ambayo kichwa kimesahau. Mwenzetu mmoja alisema papo hapo: msukule. Nikamkatalia. Msukule, kama tulivyosimuliwa Watanzania wengi utotoni, ni mtu anayedhaniwa amekufa kumbe amechukuliwa na wachawi wakamtumikishe usiku, na ulimi wake umekatwa asiseme. Mrejea wa rasimu ana ulimi na ana hiari. Zaidi ya hayo, ziko familia zilizozika mtu na hazijaacha kumtafuta, kwa sababu jirani alinong'ona neno hilo matangani. Neno lenye watu wanaolilia si la kuchezewa dadu. Tukakubaliana juu ya mrejea, na mjadala ukaisha kwa dakika kumi.

Mjadala wa nasaba ya tatu haujaisha mpaka leo.

Katika mchezo huu kuna viumbe vyenye umbo la bibi kizee mwenye kucha ndefu, hila na kiu ya kula watoto. Si binadamu, ni viumbe vya jadi yao wenyewe, lakini kila mchoro huwapa mgongo uliopinda na macho ya bibi aliyepikia kuni miaka sitini. Nasaba ya tatu ni ya mtu mwenye damu yao. Labda wazazi wake walikwenda kwa kiumbe huyo kuomba mtoto, wakapewa pamoja na deni. Mtu huyu aweza kung'oa unywele wake, au ukucha, au jino, bila kuumia, akampa mtu, na kwa hicho akapeleka ujumbe wa kimyakimya au akaona mbali kama vile jicho lake liko pale.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikusanya nywele zilizobaki kwenye kitana, akazichoma zote jikoni, na kucha pia. Alitufundisha wajukuu kufanya hivyo, ili asizipate mtu mbaya. Alikaa kijijini mkoani Shinyanga. Alipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, na macho yake yalikuwa mekundu tangu namjua. Wasiotoka huko pengine hawafahamu maana ya macho mekundu Usukumani. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo hasa: mtoto amefariki au ng'ombe wamekufa, mpiga ramli ameulizwa, naye amesema tafuteni ajuza mwenye macho mekundu. Tuna sheria ya uchawi tangu 1928, iliyoletwa na Waingereza, na haikuwazuia wenye mapanga.

Mtoto wa jirani alipofariki, mtu alikuja usiku kumwambia mjomba kwamba jina la mama yake limetajwa. Mjomba hakungoja kuche. Alimfunika mama yake khanga kichwani, akampakia nyuma ya baiskeli hadi barabara kuu, wakapanda basi la kwanza. Bibi aliishi miaka minane zaidi nyumbani kwa mjomba mjini Mwanza, na hakurudi kijijini hata kumzika dada yake. Mjini walipikia mkaa, kisha gesi. Macho yakatakata. Alikuwa akijitazama katika kioo cha kabati na kusema, kwa Kisukuma, kwamba uchawi umemtoka.

Basi nifanyeje na rasimu ile? Hao viumbe wenye damu ya kurithiwa niwaite nani mezani? Ajuza ni mwanamke mzee tu. Neno halina dhambi, mwenzake wa kiume ni shaibu, na hakuna aliyewahi kumkimbia shaibu. Kikongwe vilevile. Mchawi, kwa wimbi la maana alilonalo kwetu, si kiumbe cha ngano. Ni shutuma, na shutuma hiyo ina anwani na jina la mtu. Nikaamua zimwi. Zimwi ni la ngano tangu hapo. Hula watoto, hujigeuza sura, na hakuna kijiji kilichowahi kumkata mapanga jirani kwa kumdhania zimwi. Tena methali inanisaidia: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu mwenye nasaba hii ni huyo hasa, aliyejuliwa na zimwi, akaliwa nusu, akabakishwa. Nilijiona nimepatia. Nilitembea sebuleni kwa kujivuna.

Binti wa mjomba wangu, ambaye ni mmoja wetu watano na aliyelala chumba kimoja na bibi kwa miaka yote minane, ndiye anayetaka kucheza nasaba hiyo. Nilipomsomea tafsiri yangu alinyamaza kidogo.

“Kaka,” akasema, “bibi hawakumwita zimwi.”

Nikamweleza kwamba ndiyo maana.

“Najua. Lakini wewe unamficha. Mimi nataka mtu wangu aitwe vile alivyoitwa yeye, halafu awe nazo kweli hizo nguvu. Atume unywele wake kule kijijini, awaone wamekaa wanapanga, na wao wajue wanaonwa.”

Sikuwa na jibu, na sinalo. Nilimwambia kwamba akiwa na nguvu kweli, basi waliomtaja walikuwa na haki ya kumwogopa, nasi tutakuwa tumewapa ushindi mezani kwetu. Akasema kwamba nchi nzima ya Ravenloft imejaa watu wa kuogopwa na wengi wao wamepewa jina la ukoo na ngome, kwa nini bibi peke yake apewe jina la ngano? Msimulizi wetu akashauri tunywe chai.

Katika kungoja, nimejaribu kubashiri watengenezaji watafanya nini. Ravenloft ina deni lake la aina hii. Tangu mwanzo imekuwa na watu wa kuhamahama, ambao baadaye waliitwa Vistani: wapiga ramli, wezi, watumishi wa mnyonya damu. Msomaji wa Ulaya hakuhitaji kuambiwa kwamba hao ni Waroma, wamechorwa kwa dharau ileile ya karne nyingi. Juni mwaka jana kampuni ilikiri hadharani kwamba taswira hiyo inarudia dhana potofu, na kisa cha Curse of Strahd, cha mwaka 2016, kikarekebishwa kilipotolewa upya. Ndiyo maana naamini kitabu cha Mei kitawapa Vistani utu waliokosa. Waroma walikuwa na watu wa kuwasemea mezani pale. Vikongwe wa Shinyanga sidhani kama kuna aliyewawazia, wala siwalaumu sana. Ubunifu wao ulitoka katika misitu ya kwao, na mabibi wa kwao walichomwa moto karne kadhaa zilizopita, wamekwisha kuwa hadithi. Wetu bado wana wajukuu walio hai.

Kwa hiyo nabashiri kwamba nasaba itabaki, unywele na ukucha na jino vitabaki, na asili ya mtu huyu itaachwa wazi ili kila mchezaji ajazie mwenyewe. Uwazi huo ndio utakaotuangukia sisi.

Wiki iliyopita binamu yangu alileta karatasi ya mhusika wake, ameichora kwa mkono kwa sababu printa imeharibika. Ameandika jina, umri, kazi, mahali alikozaliwa. Kwenye kisanduku cha nasaba ameandika kwa penseli “mjukuu”, akaacha nafasi mbele yake ya neno moja zaidi. Amesema neno hilo litaandikwa kwa kalamu ya wino siku kitabu kitakapofika, na kwamba mpaka hapo niendelee kutafuta. Nimepitia ajuza, kikongwe, bibi kizee, mlozi, mwanga, zimwi. Mwanga lilinishika siku mbili nzima, kwa kuwa mwanga ni mchawi na mwanga ni nuru, herufi kwa herufi; kisha nikakumbuka kwamba waliokuja na mapanga walikuja na tochi. Mwenye neno jingine na aniletee kabla ya tarehe 18.