Bunduki za Nyeri na Teke Lake

Msomaji, ukifika Nyeri, usiharakishe kupanda matatu ya kwenda Karatina kabla hujazuru makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Hapo amezikwa Jim Corbett, mwindaji aliyehamia huku kutoka India mwaka 1947 pamoja na dadake, Maggie. Waliishi Paxtu, nyumba ndogo ndani ya hoteli ya Outspan, iliyojengwa awali kwa ajili ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Corbett alifariki Aprili 19, 1955.

Wengi wanamjua kwa simbamarara wala watu aliowaua kule India. Kwa kumwua yule jike wa Champawat, mwaka 1907, alizawadiwa bunduki nyepesi ya Rigby, ambayo risasi yake ina uzito wa gramu 9 hivi. Alikuwa pia na nyingine ya mitutu miwili, ya risasi ya gramu 26. Bega lake lilizijua zote mbili!

Risasi ikisukumwa mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma. Hilo ndilo teke. Risasi ikiwa nzito na bunduki nyepesi, bega hulipa. Hata hivyo, kinachoharibu shabaha hasa ni kuliogopa teke, kwa maana risasi hutoka mtutuni kabla bunduki haijasogea sana. Aliyewahi kuumizwa bega hufumba macho na kukaza mwili kabla ya kufyatua, mdomo wa bunduki ukainama, na risasi ikapiga chini. Wakufunzi wana mtego wao: humpa kurutu bunduki bila kumwambia kama ina risasi. Isipokuwa nayo, na mtutu uruke, woga wake umefichuka.

Dawa ni mazoezi, na mazoezi hula risasi. Ukiitazama misitu ya Nyandarua kutoka mjini, fikiria hesabu hiyo ilivyokuwa baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952. Askari wa Mwingereza walikuwa na bunduki za Lee-Enfield. Ile fupi, ya kilo 3 na ushei, ilisifika kwa teke kali ingawa ilitiwa mpira kwenye kitako. Lakini risasi za kujifunzia walikuwa nazo.

Wapiganaji wa Mau Mau wengi walishika bunduki walizojiundia kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa gurudumu. Hapo teke lilikuwa jambo dogo, maana bomba lingeweza kumpasukia mpigaji usoni. Na nani angepoteza risasi kujifunza? Kwa maoni yangu, ndiyo maana watu kama Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mlima Kenya, walikuwa na thamani kubwa msituni. Yeye alikuwa amepigana Burma na jeshi la KAR, akafunzwa bunduki na Mwingereza mwenyewe.

Dedan Kimathi alipigwa risasi mguuni na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akashtakiwa papa hapa Nyeri. Shtaka lililomfikisha kwenye kitanzi Kamiti, Februari 18, 1957, halikuwa la kumpiga mtu yeyote risasi. Lilikuwa la kupatikana na bastola.